Mjadala: Je, Tabora ijengewe jengo kubwa la maduka pembezoni mwa mji?

Mleta mada: Ndugu zangu, naomba tujadili bila jazba. Soko Kuu limeelemewa na fremu hazitoshi. Kwa maoni yangu, Manispaa itenge eneo pembezoni, mwekezaji ajenge jengo moja kubwa la maduka lenye maegesho ya kutosha, kama Mlimani City ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 2006. Anayepinga atoe sababu.

Mchangiaji: Msongamano naukubali, lakini dawa hiyo imewashinda Wamarekani wenyewe walioibuni. Southdale, jengo la maduka la Edina, nje kidogo ya Minneapolis, lilifunguliwa mwaka 1956, na baada yake walijenga mengine mengi hadi maduka yakazidi wanunuzi. Majengo hayo hutegemea wapangaji wakubwa wachache, na mikataba ya fremu ndogo mara nyingi humruhusu mwenye duka kupunguziwa kodi au kuhama endapo mpangaji mkubwa atafunga. Ndiyo maana kampuni ya maduka makubwa kama Sears, iliyoomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2018, ikiondoka, jirani zake nao huanza kufungasha. Jengo la maduka la Randall Park, Ohio, lilibomolewa, na mahali pake pana ghala la Amazon, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni. Ghala lina ajira, sikatai, ila muuza migebuka hapati meza humo. Villa Italia, jengo jingine la maduka la Lakewood, Colorado, lilipofungwa mwaka 2001 lilibomolewa, kisha wakachora mitaa ya kutembea kwa miguu yenye maduka chini na makazi juu. Yaani walirudi kwa gharama kubwa kwenye aina ya mji ambayo sisi tunataka kuikimbia.

Mleta mada: Mfano wako ni wa nchi yenye majengo yaliyozidi, ilhali sisi tunapungukiwa. Mlimani City iliondokewa na supamaketi ya Shoprite, ikaondokewa na nyingine ya Nakumatt, na bado inajaa watu.

Mchangiaji: Inajaa kwa sababu iko Barabara ya Sam Nujoma, jirani na Chuo Kikuu, mahali ambapo daladala hupita na watu hushuka hata wasipokuwa na nia ya kununua. Mnunuzi wa Isevya hapa Tabora mwenye kilo tano za mchele hatalipa bajaji kwenda na kurudi pembezoni, na maegesho hayamsaidii asiye na gari. Fedha hizo zijenge ghorofa la soko pale pale katikati, wafanyabiashara waliopo wakipewa fremu kwanza na kwa maandishi. Kama bado unashikilia pembezoni, taja eneo lenyewe, tulipime kwa nauli.