Mkono ukiumia meli ikiwa katikati ya ziwa: kinga, huduma ya kwanza na haki ya kibarua

Mwanasitaha wa Igogo

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Ninafanya kazi ya sitahani kwenye meli ya mizigo inayosafiri kati ya Bandari ya Mwanza Kusini na Kemondo, na mara nyingine huvuka hadi Port Bell upande wa Uganda. Hivi karibuni, tulipokuwa tukifunga meli gatini huku upepo ukiisukuma ubavuni, mwenzangu alibanwa vidole viwili kati ya kamba na nguzo ya kufungia, na kimoja kikakatika kwenye kiungo cha mwisho, ijapokuwa alikuwa amevaa glavu nene za ngozi na kamba yenyewe ilikuwa mpya. Katika taharuki ile mtu mmoja alimmwagia dizeli kwenye kidonda, na mwingine akakitumbukiza kipande cha kidole moja kwa moja kwenye barafu ya samaki.

Ninaomba wenye uzoefu wanieleze kwa nini glavu hazikumsaidia, na tungepaswa kufanya nini kama ajali ingetokea usiku, saa nyingi kabla ya kufika bandarini. Zaidi ya hayo, mwajiri anasema kwamba kwa kuwa mwenzangu ni kibarua asiye na mkataba wa maandishi, hana anachodai. Je, ni kweli?

Serahangi Mstaafu

Mdogo wangu, pole sana, na mwenzako umfikishie pole zangu. Glavu ya ngozi humkinga baharia na nyuzi za waya zilizochomoza, joto la msuguano wa kamba na ncha kali za mabati, lakini haijatengenezwa kuhimili uzito wa meli. Chombo cha tani mia kadhaa kikisogea taratibu tu, kamba iliyokazwa hubana kila kilicho kati yake na chuma. Tena glavu iliyo pana kuliko mkono inaongeza hatari, kwa sababu kamba hunasa kitambaa kwanza, kisha huuvuta mkono mzima kuelekea kwenye ngoma ya winchi, yaani mashine ya kuvutia kamba.

La kurekebisha ni mahali mkono unapokaa. Anayezungusha kamba kwenye nguzo pacha asiishike karibu na nguzo, bali arudi nyuma walau mita moja, ili kamba ikiteleza ghafla apate nafasi ya kuiachia. Kitanzi kisishikwe kwa kupitisha vidole ndani yake. Kifungiwe kamba nyembamba, na hiyo ndiyo ishikwe wakati wa kukivisha kwenye nguzo. Kamba yenye mzigo izuiwe kwanza kwa kamba ya pili iliyofungwa imara sitahani, ndipo ihamishwe kutoka kwenye winchi. Kumbukeni pia kwamba nailoni hunyumbuka sana kabla ya kukatika, kwa hiyo ikikatika hurudi kwa nguvu inayoweza kumuua mtu aliyesimama kwenye mstari wake.

Ninalolisikitikia zaidi katika bandari zetu ni kumwona mtu mmoja akiendesha winchi na kushika kamba kwa wakati mmoja, eti kwa sababu abiria wana haraka ya kushuka. Anayeendesha winchi asipewe kazi nyingine yoyote, na ni lazima amwone anayempa ishara. Kama watu hawatoshi, nahodha aambiwe hivyo kabla meli haijakaribia gati.

Fundi Injini, Musoma

Shikamoo mzee Serahangi, umesema kweli tupu. Ninaongeza la chumba cha injini. Penye mashine inayozunguka, kama vile ya kutobolea chuma, glavu zivuliwe kabisa, kwa maana zikinaswa mkono hauna pa kutokea.

Hatari ninayoomba kila kijana aifahamu ni ya nozeli za dizeli, yaani vile vinywa vinavyopuliza mafuta ndani ya injini. Nyingi hupuliza mafuta kwa shinikizo la zaidi ya baa 200, na mpulizo huo hupenya ngozi, na glavu pia, bila shida. Anayetafuta uvujaji kwa kiganja, au anayeweka kidole mbele ya nozeli wakati wa kuipima, anaweza kubaki na kitundu kidogo kama cha sindano, kisichouma sana mwanzoni, naye akaendelea na kazi. Ndani, mafuta yanaendelea kuua nyama, na baada ya saa chache mkono huvimba. Jeraha hilo linahitaji daktari wa upasuaji siku ileile. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha kadibodi kilichoshikwa kwa mbali, na bomba lisikazwe injini ikiwa inafanya kazi.

Muuguzi wa Nansio

Kwa upande wa huduma ya kwanza, damu inayotoka kidoleni mara nyingi huzuiwa kwa kukandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kufunua kila dakika kuangalia, huku mkono ukiinuliwa juu ya usawa wa moyo. Kidole kisifungwe kwa uzi wala mpira. Pete ivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Na kusema kweli isingevaliwa kazini kabisa, kwa sababu mtu anayeruka kutoka kwenye ngazi pete ikiwa imenasa anaweza kuchunwa ngozi yote ya kidole. Dizeli, majivu na dawa ya meno visiguse kidonda.

Kipande kilichokatika kisafishwe kidogo kwa maji safi, kizungushiwe kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu ikigusa nyama moja kwa moja huiharibu, na hapo daktari hana cha kuunganisha. Andikeni saa ya ajali, na nahodha apige simu mapema ili gari lisubiri gatini. Mgonjwa aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mshauri wa Kazi, Nyamagana

Ninajibu suala la kibarua. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 hauzihusu meli zinazotembea katika maji ya ndani pekee, kwa hiyo baharia wa ziwani hutegemea zaidi sheria za nchi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu hadhi ya mfanyakazi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa walau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri, bila kukata mshahara wa mfanyakazi, na mafao yake ni pamoja na matibabu na malipo ya ulemavu.

Mwenzako aitoe taarifa ya ajali kwa mwajiri kwa maandishi sasa hivi na abaki na nakala. Aombe tukio liandikwe kwenye daftari la meli likiwa na tarehe, saa, kazi aliyokuwa akiifanya na majina ya walioshuhudia, kisha aende ofisi ya Mfuko akiwa na karatasi za hospitali. Wewe uliyeona, andika maelezo yako na uyasaini wiki hii.