Nguzo za chuma na zege: bomba lililojazwa zege, au chuma cha H kilichofunikwa kwa zege?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam
Wahandisi wenzangu, tunasanifu jengo la ghorofa 18 karibu na bahari, na mwenye mradi anataka nguzo za chini zisile nafasi ya maegesho. Nguzo ya zege na nondo peke yake inatoka nene mno. Tumebaki na njia mbili: bomba la duara la kipenyo cha nje cha milimita 620 na unene wa milimita 10, chuma cha daraja la 355 (kinachoanza kunyumbuka bila kurudi kikifikia N/mm² 355), lililojazwa zege, au chuma cha umbo la H kilichozungukwa na zege, nondo na ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo). Naomba hoja kuhusu namna kila aina inavyobeba mzigo hadi inaposhindwa.

Mhandisi wa miundo, Nairobi
Nianze na bomba, kwa kuwa wengi hudhani kwamba chuma hulibana zege tangu mzigo wa kwanza, jambo ambalo si kweli. Mzigo ukiwa mdogo, chuma hutanuka kuelekea pembeni kuliko zege, kwa sababu uwiano wake wa Poisson (kipimo cha jinsi kitu kinavyotanuka pembeni kikigandamizwa) ni takriban 0.3 na wa zege ni takriban 0.2, hivyo hakuna kinachomsukuma mwenzake. Zege linapoanza kupata nyufa ndogondogo kwa ndani ndipo linapovimba kuliko chuma, na bomba likalizuia lisitawanyike. Zege lililobanwa hivyo hubeba zaidi ya nguvu yake ya kawaida na halivunjiki ghafla. Lakini chuma nacho hupungukiwa na uwezo wa kubeba mzigo wa wima, kwa kuwa sehemu ya nguvu yake inahimili mvutano wa kuzunguka bomba. Eurocode 4, kanuni ya Ulaya ya kusanifu miundo ya chuma na zege kwa pamoja, inaruhusu kuhesabu faida hiyo kwa bomba la duara tu, wembamba linganifu wa nguzo (kipimo cha jinsi ilivyo rahisi kupinda kwa mzigo) usipozidi 0.5 na mzigo ukiwa umehama kutoka katikati kwa chini ya sehemu ya kumi ya kipenyo. Nguzo zako za kona, zenye momenti (nguvu ya kupinda) kubwa, huenda zisiipate kabisa.

Nashauri pia uangalie unene upya. Kwa chuma cha 355, uwiano wa kipenyo kwa unene usizidi 90 mara 235/355 (235 ni nguvu ya chuma cha rejea, 355 ya chuma chako), yaani takriban 59.6, nawe una 62. Zege huzuia ukuta wa bomba usijikunje kuelekea ndani, ila kuelekea nje hauna wa kuuzuia.

Msimamizi wa ujenzi, Mombasa
Ndugu mwanzisha mada, mimi nitasema ya site. Chuma cha H kinataka mbao za kumwagia zege na ringi zinazolazimika kuzunguka chuma na kupishana na bimu, na pale kwenye maungio vaibreta (mashine ya kutikisa zege lijae vizuri) haipati pa kupita. Bomba halihitaji mbao, lakini zege lililomo ndani hulioni. Katika mradi mmoja niliousimamia tuligonga bomba kwa nyundo na kusikia mlio wa uwazi chini ya bamba la ndani lililokuwa kwenye usawa wa bimu. Tulipokata dirisha tulikuta pengo ambalo hewa ilikuwa imejificha. Tangu siku hiyo nadai matundu ya kutolea hewa katika kila bamba, na zege linalotiririka lenyewe, lisukumwe kwa pampu kutoka chini.

Mhandisi wa usalama wa moto, Kampala
Kwa upande wa moto, chuma cha H kina nafuu kubwa, maana zege linalokifunika, ambalo hata bila kufikiria moto halipaswi kuwa chini ya milimita 40, huchelewesha joto. Bomba halijafunikwa kwa nje: chuma kikipoteza nguvu, mzigo huhamia kwenye zege, ndiyo maana nondo huwekwa ndani. Msisahau matundu ya mvuke yenye kipenyo kisichopungua milimita 20, angalau moja juu na moja chini katika kila ghorofa. Bila hayo, maji yaliyomo ndani ya zege hugeuka mvuke usio na pa kutokea, na bomba laweza kupasuka.

Mhandisi wa miundo, Nairobi
Kuna jambo ambalo halijaguswa. Bimu huungwa kwenye chuma, basi mzigo unafikaje kwenye zege? Ukitumia ukuta wa milimita 12, kipenyo cha ndani ni milimita 596. Mshikamano unaoruhusiwa ndani ya bomba la duara ni N/mm² 0.55, na urefu wa kuhamishia mzigo hauzidi theluthi ya kimo cha nguzo wala mara mbili ya upana wake. Kwa ghorofa ya mita 3.6, urefu huo ni mita 1.2, nao unatoa takriban kN 1,230. Sehemu ya mzigo wa ghorofa inayopaswa kuingia kwenye zege ikizidi hapo, chomelea misumari ya chuma ndani au pitisha bamba katikati ya bomba. Kwa chuma cha H kilichofunikwa, thamani ya kuanzia ya mshikamano ni N/mm² 0.30 tu.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam
Nawashukuru sana. Tunapandisha unene hadi milimita 12, uwiano ushuke hadi 51.7. Mabomba yatabaki kwa nguzo za ndani. Za upande wa bahari, ambako chumvi ingekula rangi na kisha chuma, zitakuwa za H. Kabla ya hapo tutamwaga bomba moja la majaribio la kimo cha ghorofa nzima, pamoja na bamba la bimu, kisha tutalikata kwa urefu ili tuone zege lilivyojaa.