Lazaro alitangulia kufufuka, mbona Kristo ndiye limbuko?

Mwl_Kipaimara: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Vijana wa kipaimara wanauliza: Lazaro alifufuka kabla ya Yesu, sasa kwa nini 1 Wakorintho 15:20 inamwita Kristo limbuko, yaani mazao ya kwanza ya mavuno? Niwajibuje?

Mzee wa Usharika: Amina, mwalimu. Wasomee Yohana 11 na 20 kwa pamoja. Lazaro, baada ya siku nne kaburini, anatoka kafungwa sanda mikono na miguu, na watu ndio wanaomfungua. Amerudi kwenye uhai huuhuu wa kufa. Sura ya 12:10 wakuu wa makuhani tayari wanapanga kumwua. Binti Yairo na kijana wa Naini, ambao Yesu pia aliwafufua, vilevile. Yesu anaziacha sanda kaburini, na Warumi 6:9 inasema hafi tena.

Dada Neema: Shikamoo mzee. Naongezea, maana hapa madarasa mengi hupotea: “mwili wa roho” wa 1 Wakorintho 15:44 husomwa kama roho isiyo na mwili. Luka 24 inakataa hilo. Yesu anaonyesha mikono na miguu, kisha anakula samaki mbele yao. Tumia mfano wa Paulo mwenyewe wa punje ya ngano, 1 Wakorintho 15:37: inayopandwa ni punje tupu, si mwili ule utakaoota.

Mwl_Kipaimara: Asanteni. Na limbuko lenyewe?

Mzee wa Usharika: Marahaba, Neema. Mwalimu, anzia Walawi 23:10-11: mganda wa kwanza unapelekwa kwa kuhani, naye anautikisa siku inayofuata sabato. Mavuno mengine yako bado shambani. Paulo anafuata mpangilio huohuo katika 1 Wakorintho 15:23: Kristo kwanza, kisha walio wake atakapokuja.