MJADALA: Makala ndefu za wahalifu, nani aongee kwanza?

Wakuu, salaam. Agosti 2013 jarida la Marekani la Rolling Stone walimtoa Dzhokhar Tsarnaev ukurasa wa mbele, yule kijana wa mabomu ya kwenye mbio za Boston Marathon yaliyoua watu 3 na kujeruhi zaidi ya 260. Picha alijipiga mwenyewe, nywele za mawimbi, macho malegevu, utadhani msanii anazindua albamu. Maduka ya dawa ya CVS yakagoma kuliuza lile toleo. Ajabu ni kwamba gazeti la New York Times walishaitoa picha hiyohiyo ukurasa wa mbele mwezi Mei, na hakuna aliyegoma.

Kwa hiyo kelele za picha naziacha. Kinachonikera kiko ndani: mwandishi anamwita "Jahar", jina walilomzoea nalo marafiki zake. Kurasa chache tu na wewe msomaji umeshakuwa mshikaji wake, wakati waliokatwa miguu hujawajua hata majina. Watetezi wanasema bila kumsogelea hivyo hatutajua kijana wa kawaida anaharibikaje. Hapo siwabishii sana.

Ila inawezekana vingine. Mwandishi Rachel Kaadzi Ghansah alikwenda kwenye kesi ya Dylann Roof, aliyeua watu weusi 9 kanisani Charleston mwaka 2015, akitaka kuandika habari za marehemu. Roof akagoma kujieleza. Mama wa watu akaamua kumfuatilia hadi kwao, akahoji waliomjua. Kimya cha Roof hakikumsaidia, na hakupata nafasi ya kujipamba. Jarida la GQ wakaitoa makala yake 2017, ikachukua tuzo ya uandishi ya Pulitzer 2018.

Sasa linganisheni na El Chapo, bosi wa dawa za kulevya wa Mexico, Januari 2016, Rolling Stone haohao. Mwigizaji Sean Penn alimhoji akiwa mafichoni, na makala ikapelekwa kwake aidhinishe kwanza! Hakuomba kubadilisha kitu. Angebadilisha nini? Kwangu mimi hilo ni tangazo.

Wale wa "habari ni habari", karibuni.

*

Mkuu, kwa El Chapo napinga. Mexico waandishi wanauawa kwa habari ndogo tu. Bila lile sharti Penn asingefika.

*

Basi asingefika, tungepungukiwa nini? Penn mwenyewe alikiri kwenye kipindi cha TV cha 60 Minutes kuwa makala yake ilifeli: alitaka watu wajadili sera ya vita dhidi ya dawa za kulevya, wakaishia kumjadili yeye.