Siku saba Omani pamoja na mama: Nizwa, mchanga wa Sharqiya au Dhofar?

Mjukuu wa Tongoni (Tanga)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama yangu ana umri wa miaka 68 na dada yake anaishi Maskati tangu ujana wao, nasi tumejaaliwa nafasi ya kwenda kumzuru mwezi wa Januari. Mama hataki kumaliza safari yote sebuleni kwa dada yake. Anataka kuiona Omani ya ndani, ile ya milima mikavu na jangwa, ambayo marehemu babu alikuwa akiisimulia barazani Chumbageni kila baada ya sala ya Alasiri.

Tukiondoa siku za kukaa na jamaa, tunabakiwa na siku saba za kutembea. Nimesoma na kuuliza, nikabaki na njia tatu: kuweka kambi Nizwa na kuizunguka miji ya kale iliyo jirani, kwenda kwenye vilima vya mchanga vya Sharqiya kisha kuteremka hadi bandari ya Sur, au kupanda ndege hadi Dhofar, nchi ya ubani. Kinachotuvuta ni kuona watu walivyoishi na wanavyoishi katika ukame ule, na mama apate wa kuzungumza naye. Magoti yake hayana nguvu nyingi. Naomba walioziona njia hizo watulinganishie.

Binti Pangani

Wa alaykumu salaam, kaka yangu. Mimi nasimama na Sharqiya na Sur. Jangwa lile lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12,500, na baadhi ya vilima vyake hufikia urefu wa mita 100. Mtu huingia kutokea mji wa Bidiyah, na mwenye gari hupunguza upepo wa matairi kabla ya kukanyaga mchanga. Usiku nilioulala pale sikuwahi kuona nyota nyingi kiasi kile, na asubuhi Mabedui waliotukaribisha walitupa kahawa na tende kabla hata hawajatuuliza majina yetu.

Sur, hata hivyo, ndiyo iliyonigusa zaidi. Majahazi yaliyojengwa pale yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi hadi pwani yetu na kurejea na kusi, na chombo kimoja cha zamani, Fatah al-Khair, kilichoundwa mwaka 1951, kimehifadhiwa nchi kavu ambapo mgeni anaweza kukikaribia na kuzitazama mbao zake. Karibu na hapo, Ras al-Jinz, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Sisi tuliokulia karibu na Ushongo, ambako mayai ya kasa huhamishwa kutoka kisiwa cha Maziwe ili yasichukuliwe na maji, tunaelewa thamani ya jambo hilo.

Mwalimu wa Ngamiani

Binti Pangani amesema kweli kuhusu Sur, lakini swali la ndugu yetu ni watu walivyoishi katika ukame, na jibu la swali hilo liko Nizwa, kwa sababu liko kwenye maji. Vilima vya mchanga vitakuonyesha mahali ambapo watu wachache wameweza kupita. Bustani za mitende za Nizwa zitakuonyesha namna maelfu ya watu walivyoweza kubaki.

Mifereji yao huitwa falaj. Huanzia chini ya mlima, penye kisima mama, yaani kisima cha chanzo, kisha maji huteremka yenyewe kwa mwinamo mdogo sana, mara nyingi chini ya ardhi kwa kilomita kadhaa, bila ya pampu, hadi yatokeze kijijini. Watu huchota ya kunywa kwanza, halafu maji yanapita msikitini na kwenye mahali pa kuogea, ndipo yanapoachiwa kwenda mashambani. Huko hugawanywa kwa zamu za muda: mchana walikuwa wakipima kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Zamu hiyo ni mali. Hurithiwa, huuzwa, na nyingine huwekwa wakfu. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza mifereji mitano katika orodha ya urithi wa dunia, na mmoja wao, Falaj Daris, uko Nizwa kwenyewe. Mama atakaa kivulini kando yake bila ya kupanda ngazi hata moja. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud aliipitia nchi ile, akaiona ilivyo kavu, akawaamuru majini waichimbe, na ndiyo maana aina ile ya mifereji mirefu huitwa daudi.

Kuhusu ngome ya Nizwa, mnara wake mkubwa wa mviringo ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi, yuleyule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Kwenye njia ya kupandia mnara kuna matundu juu ya kila mlango, ambayo walinzi walitumia kummwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Naomba msikimbilie kupiga picha mkaondoka. Kaeni chini sokoni. Ijumaa asubuhi na mapema kuna mnada wa mbuzi, ambapo wauzaji huwazungusha wanyama katika duara huku wanunuzi wakiwapapasa na kutaja bei kwa sauti, na katika umati ule msishangae kusikia Kiswahili, kwa kuwa wapo wengi ambao familia zao zilirejea kutoka Unguja na bara baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970.

Fundi Chokaa (Bagamoyo)

Shikamoo mwalimu. Naongezea Bahla, mwendo mfupi kutoka Nizwa, kwani naona inatajwa kwa haraka kila mara. Mimi nafanya kazi ya kutengeneza kuta za zamani, na tangu utotoni nimezoea kuta za magofu ya Kaole, ambazo ni matumbawe na chokaa. Bahla ni udongo. Ngome nzima imejengwa kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, juu ya msingi wa mawe, na ukuta unaouzunguka mji na mashamba yake una urefu wa zaidi ya kilomita 10. Iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, ikiwa ya kwanza Omani, na mwaka uliofuata ikawekwa miongoni mwa zilizo hatarini kwa sababu mvua zilikuwa zikiuyeyusha udongo kila msimu. Ilitolewa katika hatari mwaka 2004, baada ya kazi ndefu. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikiwaza mafundi ambao kila kizazi walilazimika kuupaka upya kwa mikono, na sikutamani kuondoka.

Jabrin nayo iko karibu. Ni kasri la Imamu Bilarab bin Sultan, lililojengwa karibu na mwaka 1670, na dari zake za mbao zimechorwa maua kwa rangi ambazo bado zinaonekana. Ngazi zake ni nyembamba, lakini vyumba vya chini vinatosha, pamoja na stoo ya tende yenye mifereji sakafuni ya kukusanyia asali iliyokuwa ikichuruzika kutoka kwenye vikapu.

Mama Raskazone

Wanangu, mmeongea vizuri, ila mzee anasafiri kwa mwili wake. Januari mmechagua vyema. Mimi nilipelekwa mwezi wa Julai na wakala ambaye hakunitahadharisha chochote, joto likapita nyuzi 40, na siku mbili kati ya nne nilizimaliza ndani ya chumba.

Dhofar ningeiacha kwa safari nyingine. Iko takriban kilomita 1,000 kutoka Maskati, na mtaitumia siku nzima kwenda na kurudi. Ni kweli kwamba mtu ambaye amefukiza ubani kwenye chetezo maisha yake yote huguswa akiuona mti wenyewe umechanjwa gome na utomvu ukitoka kama machozi meupe. Lakini uzuri mwingine wa Dhofar ni mvua zake za Juni hadi Septemba, ambazo huifanya milima kuwa kijani kibichi; Januari hamtaziona. Vivyo hivyo mawaridi ya mlima wa Jebel Akhdar, yanayotengenezewa marashi ya kutia kwenye mirashi yetu ya harusi na maulidi, huchumwa Aprili. Msimwahidi mama asichoweza kukikuta.

Mjukuu wa Tongoni (Tanga)

Shikamooni wakubwa, na ahsanteni nyote. Nimemsomea mama majibu yote, na nilipofika kwenye zamu za maji zinazohesabiwa kwa nyota alinisimamisha, akaniambia nirudie. Basi Nizwa imeshinda, ingawa hataki kuikosa Sur, kwa kuwa babu alikuwa akiutaja mji huo. Tumefikiria kulala Nizwa usiku mara tatu, Bidiyah mara moja na Sur mara moja. Je, mama ataweza kuingia kwenye mchanga?

Binti Pangani

Ataweza, mradi mchague kambi iliyo ukingoni mwa mchanga, karibu na Bidiyah, wala msimpandishe kwenye gari la kurukaruka juu ya vilima vya mchanga, maana mtikisiko ule ni mkali kwa magoti na mgongo. Chukueni shuka nzito. Usiku wa Januari jangwani una baridi.

Mwalimu wa Ngamiani

Marahaba, mwanangu. Ondokeni Maskati Alhamisi ili Ijumaa iwakute Nizwa kabla mnada haujaanza, na Jumapili mwende Bidiyah moja kwa moja bila ya kurudi Maskati. Kutoka Sur rudini kwa njia ya pwani, mpite Qalhat, ambako limebaki kaburi la Bibi Maryam katikati ya magofu. Msafiri Ibn Battuta alifika Qalhat baada ya kutoka Kilwa mwaka 1331, na mama, aliyezaliwa hatua chache kutoka makaburi ya Tongoni, atakuwa na mengi ya kulinganisha hapo. Mwombe akusimulie, nawe utuandikie humu mkirudi.