Msaada: kukompaili programu kwenye Debian 8, kompyuta ya zamani

Mgebuka_Ujiji: Wakuu, heshima kwenu. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta ya kaunta ina Debian 8 (mfumo endeshi wa Linux), RAM GB 2, na sihami maana printa yangu imegoma kabisa kwenye Debian mpya. Nimeshusha sosi kodi ya programu huria ya hesabu za duka. `./configure` imepita, `make` ikatema: `unrecognized command line option '-std=c++17'`. Kuna mtu kaniambia nibadilishe glibc, ile maktaba kuu ya C ya mfumo. Nianze?

Fundi_Katubuka: Mkuu, weka kibodi chini! Mimi niliibadilisha kwa mkono, na papo hapo `ls` ikafa, `cp` ikafa, `sudo` nayo. Karibu kila kitu kinaiegemea. Niliokolewa na flashi. Shida yako ni kompaila, inayogeuza sosi kodi kuwa programu: Debian 8 ni ya 2015, kompaila yake ni GCC 4.9, haiijui C++17, toleo la 2017 la lugha ya C++.

Mama_Terminali: Si achukue tu toleo la programu la kabla ya 2017? Kuuza daftari na kalamu kunataka makubwa gani?

Mgebuka_Ujiji: Nimejaribu dada, la zamani halifungui mafaili ya mhasibu wangu aliyeko Tabora.

Fundi_Katubuka: Basi jenga GCC 9, 4.9 yako inaiweza. Ndani ya folda ya sosi ya GCC endesha `contrib/download_prerequisites` kwanza, ivute GMP, MPFR na MPC, maktaba za hesabu inazozihitaji. Kisha, ukiwa kwenye folda tupu ya pembeni, `configure` yake iwe na `--prefix=$HOME/gcc9 --disable-multilib --enable-languages=c,c++`. Usiguse `/usr`. Ongeza swopu (nafasi ya diski ya kusaidia RAM) ya GB 2, na `make` bila `-j4` (kazi nne kwa mpigo), la sivyo RAM itajaa na kerneli itamuua `cc1plus`, kompaila yenyewe ya C++, njiani. Ikiisha, rudi kwenye programu yako na `CXX=$HOME/gcc9/bin/g++` pamoja na `LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/gcc9/lib64"`. Ukisahau hiyo ya pili utalia na `GLIBCXX not found`.

Mgebuka_Ujiji: Niliiacha GCC ijijenge usiku kucha, alfajiri umeme ukakata. Nimewasha tena, sasa linka (inayounganisha mafaili ya `.o` yaliyokompailiwa) inasema `file not recognized: File truncated`. Nianze upya?

Mama_Terminali: Hapana! `make` huendelea ilipoishia, ila umeme umekuachia mafaili matupu nayo inadhani yameiva. Piga `find . -name '*.o' -size 0 -delete`, halafu `make` tena.

Mgebuka_Ujiji: Yalikuwa matatu. Inatembea. Naenda kula ugali na dagaa, nikirudi nitawaambia.