Naomba ushauri: somo la dakika 40 kuhusu vepu (sigara ya kielektroniki), gredi ya nane

MwalimuLikoni
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina kipindi kimoja tu, watoto 52. Wengi wao wanaamini vepu ni mvuke wa maji wenye ladha ya embe. Nianzie wapi nisije nikawa ninaitangazia biashara?

MfamasiaKisauni
Waleikum salaam mwalimu. Anzia hapo hapo kwenye maji. Chora kifaa ubaoni: betri, koili, pamba iliyolowa juisi. Juisi ni propilini glikoli, glisirini, ladha, na mara nyingi nikotini. Koili ikipata moto, juisi hutoka kama matone madogo mno yanayofika hadi vifuko vya hewa vya mapafu.

Nunua glisirini duka la dawa. Mwanzo wa kipindi paka kidogo kwenye kioo, na maji kando yake. Upake, usidondoshe: kwa unyevu wa huku kwetu tone nene halikauki kabla ya kengele. Mwisho wa kipindi waguse wenyewe. Maji yamekwenda, glisirini inanata vile vile. Usiichome kabisa, ikizidi moto hutoa akrolini, nayo huwasha macho na koo. Pamba ya vepu ikikauka, yawa ni hayo hayo.

ChakiNaHesabu
Kisha hesabu. Juisi mililita 2, nikotini miligramu 20 kwa kila mililita: jumla 40. Iliyoandikwa asilimia 5 ni kama 50 kwa mililita, kwa hivyo 100. Sigara moja humwingizia mvutaji takriban 1 hadi 2. Sema mapema kwamba si nikotini yote ya kifaa huingia mwilini, maana kuna atakayekubana. Watauliza pia mbona haikerezi koo: nyingi hutumia chumvi ya nikotini, asidi iliyotiwa hupunguza ukali, mtoto akavuta nyingi bila kukohoa.

BiMshauri
Mwalimu, usiwatishe kwa ule ugonjwa wa mapafu wa Marekani wa 2019. Walilazwa zaidi ya watu 2,800, kweli, lakini ulihusishwa hasa na juisi za bangi zenye asetati ya vitamini E. Ukiuchanganya na vepu ya embe, mmoja atakukosoa kwa simu jioni hiyo hiyo, na somo lote limemwagika.

Dakika nyingi zipe uraibu. Nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache, na baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshaondoka damuni. Hapo mtoto anakuwa na hasira na hawezi kutulia darasani. Akivuta tena anasema imemtuliza, kumbe imezima kiu iliyoiwasha yenyewe. Waachie wao waieleze.

MwalimuLikoni
Shukran sana. Na nikinasa kifaa?

MfamasiaKisauni
Usikitoboe, usikiache garini juani, wala kisiende jaa linalochomwa: betri ya lithiamu hulipuka. Kikivuja vaa glavu, nikotini hupenya ngozi.

BiMshauri
Na mwenye kifaa, kabla ya kiboko cha mtu yeyote, mpe namba ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: 1192, haina malipo.